Makadirio ya Oveni ya Pili

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana hasira haifuti udugu. Mimi mzima, watoto wazima. Wewe sijui, simu hupokei.

Oveni ya pili ya mikate ipo hapa tangu mwezi wa kwanza. Nimeichukua kwa mkopo, na rehani ni ile oveni aliyotuachia baba. Usishtuke. Wewe ndiye uliyekuja likizo, ukakaa juu ya gunia la unga, ukanifundisha programu yako isiyo na picha wala vitufe, kioo cheusi na maandishi matupu. Nikajifunza, mtu mzima mimi. Naandika mauzo kwenye faili, naandika amri, inanitolea salio la leo. Nikiongeza neno moja inanipa makadirio hadi mwisho wa mwaka. Uliniambia niyaamini, nikayaamini, na humo kila mwezi pesa ya kulipia oveni ilitosha.

Ilitosha kwa sababu ya mstari ulioandika mwenyewe: kila mwezi, mapato, kutoka kwa kitinda mimba, laki mbili. Nilipouona nilifurahi, nikasema mtoto sasa amekua. Mwezi wa kwanza hazikufika. Wa pili hazikufika. Ziko wapi?

Dada yako

22 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila muuza oveni naye hajambo sana. Amekuja leo asubuhi, akazigonga oveni zote mbili kwa kidole mbele ya wateja, akasema mwisho wa mwezi wa tano anakuja na gari. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Dada yako

3 Aprili

Shikamoo dada,

Mimi mzima wa mwili, moyo si sana. Barua zako nimezipata, na katika zote umenigeuza mwizi.

Ule mstari ulikuwa mfano. Nilikuwa nakuonyesha kanuni ya kila mwezi inavyofanya kazi, ikahitaji jina na kiasi, nikaandika la kwanza lililonijia. Ulitakiwa uufute. Makadirio si ahadi, dada. Programu haijui nani ana pesa na nani hana, inajumlisha ulichoiambia. Na ungeniuliza kabla ya kuweka rehani mali ya baba, mali yetu wote wawili. Hukuniuliza. Huku napeleka vifurushi vya watu kwa pikipiki, nalipa chumba, na mwisho wa mwezi nabaki na mafuta ya siku mbili. Laki mbili nizitoe wapi?

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Barua imefika. Shikamoo yako sijaiitikia, nitaiitikia ukipata adabu.

Mfano huandikwa fulani. Ungeandika fulani, ningeufuta siku ile ile. Uliandika jina alilokuitia mama. Halafu unaniambia programu haijui, kana kwamba ni yenyewe iliyokaa kwenye gunia langu la unga ikinywa chai yangu. Uliiambia unaleta, ikaniambia unaleta. Yenyewe haina kosa.

Eti ningeuliza. Niulize nini? Niseme, mdogo wangu, hivi huu wema wako ni wa kweli? Nani humhoji nduguye hivyo? Tangu baba afariki nafungua mlango huu peke yangu na kuufunga peke yangu. Nikauona mstari wako nikadhani tumekuwa wawili. Hilo ndilo linaloniuma, laki mbili ni za juu juu tu.

Mkandaji nimemsimamisha, unga nakanda mwenyewe. Nimechoka, na nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Dada yako

26 Mei

Shikamoo dada, uiitikie au uiache,

Natumaini mikono yako haijaharibika. Nimetuma laki sita kwa muuza oveni mwenyewe, ulizia risiti kwake. Nimeuza pikipiki. Usinishukuru, bado nasema ungeniuliza, na bado barua yako ya mwisho inanichoma.

Nimepata kazi ya ghala, mshahara wa mwezi. Kama umeufuta mstari wangu, urudishe. Laki mbili, kila mwezi. Safari hii si mfano.

Mdogo wako

7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, na oveni zote mbili ziko mahali pake. Laki sita zako nimeziandika kwenye mapato, kwa tarehe zilipopokelewa. Mkandaji amerudi. Nimesikia habari ya pikipiki nikalia, kisha nikakasirika upya, kwa sababu tungeweza kufika hapa bila wewe kuuza chochote. Ungepokea simu tu.

Mstari wako niliufuta mwezi wa nne, na siurudishi. Nimeendesha makadirio bila wewe. Mwezi wa kumi salio linabaki kidogo kiasi cha kunitoa jasho, halafu linapanda. Sitanunua gauni wala kupaka ukuta rangi, lakini kila tarakimu iliyomo naijua inatoka wapi.

Ukituma pesa, nitaiandika siku itakayofika, na nitakushukuru kwa moyo wote. Ya kesho siiandiki. Usiniulize hadi lini, hata mimi sijui.

Nakupenda, na ndugu mwingine sina. Ila nikiupanga mwaka wangu, naupanga kama mtu asiye na ndugu.

Dada yako