Baba Alisema Hajambo

Jumamosi, Juni 1986. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini vidole vyangu bado vya baridi.

Leo nimepiga kelele mbele za watu. Mimi, ambaye mwalimu akiniita husimama nikatazama viatu.

Asubuhi baba aliteleza akiezeka makuti kwenye paa la hoteli. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akasema si kitu. Kufika alasiri tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Nikampeleka hospitali, kitengo cha majeruhi. Lakini kwanza alitaka kanzu yake ya Ijumaa.

Nesi akapita benchini kwetu. "Mzee, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah. Nawe hujambo, mwanangu? Nyumbani hawajambo?"

Kwetu ndivyo, salamu kwanza, shida baadaye. Nesi si wa huku, hakuingoja hiyo baadaye. Alikwisha pita.

Mara akaingia mama mmoja, bangili za dhahabu hadi kiwiko, mwanawe kachubuka goti. Hakumsalimu mtu. "Mkubwa wenu nani hapa? Ngojeni mume wangu asikie!" Akaletewa kiti. Kisha akaletewa daktari.

Nikamnong'oneza baba, nasi tulalamike. Akanishika mkono, kiganja chake kimelowa jasho. "Tulia, mwanangu. Kulalamika kuna wenyewe. Maskini akinena, hutibiwa kwa chuki."

Nikatulia. Wala si kwa kumtii. Niliogopa macho ya watu.

Kisha midomo yake ikawa rangi ya jivu.

Sijui nilisimama vipi. Kiingereza changu, ambacho hakijatoka nje ya darasa, kilitoka chote kwa pamoja, na makosa yake. Nilimwambia daktari baba kaanguka kutoka juu ya paa, anakufa, na anaona haya kuwaambia. Daktari akamgusa tumbo mara moja tu, akaita machela.

Alikuwa anavuja damu ndani. Wamempasua. Yu hai, mama yuko naye.

Nilipokuwa nikiifuata machela mbio, bibi mmoja wa Kigiriama, mkono umemvimba hadi begani, alinivuta leso niliyojitanda. "Mwanangu, nami nisemee."

Sikusimama.

Baba akizinduka atanigombeza kwa kumtia aibu. Na agombe. Ni yule bibi asiyeniondoka moyoni.

Kukipambazuka nampelekea mama uji. Nitapita benchini kwanza. Nikimkuta bibi nitamwamkia shikamoo, lakini sitangoja aniambie hajambo.