Usilete Mbuzi wa Shukrani

Kasongo, Jumatatu

Yaya Consolée, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa nyumbani Wamaza. Goti lako je, limetulia? Na karanga, mmeshazing'oa, au nyani wamewatangulia tena kama mwaka jana? Sisi hapa tunaamka. Shemeji yako Déo bado yuko na pikipiki yake, anakusalimu. Mimi mwenyewe, ngoja, nitafika kwangu.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai kwa mambo haya. Ili unisikie ni lazima upande kilimani, na kule kilimani nusu ya Wamaza wamesimama wanatafuta mtandao, masikio wazi. Nimempa Pitchou, yule anayewaletea chumvi na sabuni kwa pikipiki, aitie mkononi mwako. Kaa chini kwanza. Usiisome ukiwa umesimama jikoni.

Usilete mbuzi. Najua umeshamchagua. Najua pia kwamba mmeshashona vitenge vya sherehe ya shukrani, na kwamba wewe umeshonesha mikono mikubwa ya kupuliza, kama kawaida yako. Viweke sandukuni. Hakuna sherehe tena, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Yaya, naumwa. Tangu waliponikata ziwa la kifuani kule Bukavu sijalala upande wa kushoto hata mara moja. Mkono umevimba, kitunga cha mihogo siwezi kukibeba, na tangu ulipomtuma binti yako Cadette kunisaidia, ni yeye anayetwanga sombe ya majani ya mihogo na kuniosha mgongo. Upo pia uchungu mwingine ambao niliona haya kumwambia hata Déo: ziwa lisilokuwepo linaniwasha. Napeleka mkono kulikuna, nakuta kovu tupu. Nilidhani akili inaniruka, mpaka muuguzi mmoja akaniambia kwamba wengi hupata hivyo, mwili unachelewa kukubali. Basi mwili wangu una kichwa kigumu kuliko mimi.

Utaniuliza, si nilitoa ushuhuda kwamba nimepona? Nilitoa. Jumapili niliyorudi kanisani, Pasta Marcellin aliniita mbele niseme neno. Nilikusudia kushukuru tu kwamba nimetoka hai chini ya kisu, kisha nikae. Lakini kanisa letu unalijua, huwezi kusema neno dogo likabaki dogo. Nikasema Mungu amenitoa kifoni, wakaitika. Nikasema ugonjwa umebaki Bukavu, wakasimama. Ngoma ikaanza, nami nikasikia mdomo wangu unasema kwamba si kisu cha daktari kilichoniponya, ni maombi, na kwamba nimepona kabisa. Yaya, ilikuwa tamu. Miezi yote ile watu walikuwa wananitazama kama maiti anayetembea, na sasa walikuwa wananichezea. Sikuwa na moyo wa kulirudisha lile neno.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa kujificha. Hospitali walinipa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ile kali. Niliichimbia ndani ya gunia la unga na kuinywa mlango umefungwa, maana mtu aliyeponywa hanywi dawa. Kwenye kwaya nilipiga makofi pamoja na wengine, na jasho lililonitoka kwa uchungu watu wakasema ni Roho. Ilipofika siku ya kurudi Bukavu kutiwa mishipani ile dawa ya kansa wanayoita chimio, nilimwambia Déo safari haina kazi tena. Pasta alikuwa amesema, kwa upole wake, bila ubaya wowote, kwamba Mungu hawezi kufanya kazi nusu. Déo hakuridhika, lakini alininyamazia.

Mwezi uliopita niligusa kitu kigumu kwapani. Daktari wa hapa Kasongo alinishika, akasema ugonjwa umerudi. Alinieleza kwamba chimio bado ipo Bukavu, kwamba inatapisha na kunyonyoa nywele, na kwamba kwenda au kutokwenda ni juu yangu. Aliniambia na neno lingine, nitalifikia. Nilitoka pale nimeshaamua: siendi. Nimechoka, Yaya. Nilitaka nikae kwangu na dawa yangu ya maji, niiangalie mihogo yangu, Déo akirudi jioni anikute. Uamuzi ule ulinipa hata usingizi.

Sasa haya ndiyo yaliyofanya nikuambie ukae chini. Jumamosi asubuhi Cadette alikuwa ananiosha. Blauzi yake ikalowa maji ikamganda kifuani, nikaona ngozi imeingia ndani kama kitovu. Macho yangu yameshajifunza mambo hayo. Nikamwambia avue. Yaya, mwanao ana uvimbe ziwa la kulia. Anaujua tangu mahindi yalipokuwa machanga, na kila siku anaupaka mafuta ya maombi. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini alinificha, akanijibu bila kutetemeka: “Mama mudogo, weye si ulipona na maombi? Na miye niko naomba.” Nikamwambia lakini mimi nilikatwa, kovu si unaliosha kila siku? Akaniambia kwamba ni mimi mwenyewe niliyesema mbele ya watu kuwa si kisu kilichoniponya. Nilikaa pale na sabuni mgongoni.

Basi jana kanisani nilisimama bila kuitwa. Niliwaambia kwamba uchungu haujaniacha hata siku moja, kwamba nanywa dawa, kwamba ugonjwa umerudi, na kwamba mwenye uvimbe aliouficha aende hospitali, maombi ayafanye njiani. Hakuna aliyeitika. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba nimepoteza uponyaji wangu kwa kukosa imani. Pasta alifunika uso kwa mikono. Baadaye alikuja nyumbani, akakaa na Déo, akaniambia angependa ningemwambia yeye kwanza. Nilimjibu kwamba hata mimi ningependa.

Nilidhani hayo yatamtosha Cadette. Wapi! Kichwa chake ni chako kabisa. Déo alikuwa amemwambia kwamba nimekataa chimio, naye akanisimamia mlangoni: kama hospitali ni nzuri hivyo, mbona mwenyewe nakaa? Akasema: “Ukienda, miye naenda. Ukibaki, nabaki.” Nikasema naenda. Asubuhi hii nimempeleka kwa daktari, amemwona, amesema uvimbe wake bado unaweza kukatwa, lakini asichelewe. Tunaondoka Ijumaa, mimi na yeye, na Déo wa kutusindikiza.

Na sasa lile neno. Nilimuuliza daktari kama chimio itaniponya. Alisema hapana, hilo limeshapita. Inaweza kunisogezea siku kidogo, na inaweza pia kunimalizia nguvu nilizobaki nazo. Cadette hajui. Anadhani tunakwenda kupona sote wawili, na akijua hatapanda kwenye gari, namfahamu. Kwa hiyo nakwenda kutiwa dawa nisiyoitaka, ili mwanao akubali kukatwa. Usinisifu. Ni mdomo wangu uliomfikisha hapa. Naogopa sana, Yaya. Naogopa kutapika mbali na kitanda changu, naogopa kufia kule watu wasiponijua jina, na kuna saa namtazama mtoto huyu akicheka natamani kumwambia kila kitu nibaki zangu nyumbani.

Msalimie shemeji, umwambie tu kwamba mtoto anaumwa na anahitaji baba yake amwombee. Wasalimie watoto wote, na Mama Mounira jirani yako, usimwambie chochote maana atapanda kilimani. Mkumbatie mama kwa niaba yangu, mwambie nakula vizuri.

Njoo kabla ya Ijumaa, Yaya, njoo hata kwa goti hilo. Utamkuta Cadette anapanga nguo zetu ndani ya mfuko mmoja, na atakuambia kwamba tukirudi mimi na yeye tutalima pamoja lile shamba la chini. Nakuomba usilie. Muulize tu tutapanda nini.

Mimi mdogo wako,
Elodie