Vipindi Vyako vya Kidato cha Pili

Dada Tusekile,

Tangu tukuzike kule Ihanda sijaweza kukalia kiti chako ofisini. Lakini vipindi vyako vya hesabu nimevichukua mimi. Shuleni hapa Chapwa hakukuwa na mwingine.

Matokeo ya kwanza ya hesabu baada yako yalikuwa mabaya, dada. Kwenye kikao cha walimu tukasema yale yale: watoto wavivu, wanawaza biashara za mpakani tu. Hata mimi nilisema. Wewe ungenyamaza, kisha ungeomba karatasi zao.

Nikaziomba. Ya Atupele, yule binti anayemsaidia mama yake kuuza vitenge, ilikuwa nyeupe karibu yote. Nikamwita, nikamsomea swali moja kwa Kiswahili. Akalifanya palepale, amesimama. Nikamuuliza kwa nini aliliacha kwenye mtihani.

"Madamu, hesabu naijua. Kiingereza chake ndicho sikukielewa."

Mwaka mzima nilimfundisha jiografia, na kwenye ripoti nikamwandikia kwamba hana juhudi. Nikaenda kumwomba radhi mama yake. Alinisikiliza huku akikunja vitenge, akasema kwa kuwa amefeli, ameshaamua mtoto asikariri darasa, abaki naye sokoni. Nikamwomba mwaka mmoja tu. Akanipa.

Basi kila asubuhi, kabla ya kengele, mimi na darasa tukawa tunasoma maswali bila kukokotoa chochote. Neno kwa neno, mpaka kila mmoja aseme swali linataka nini. Mwalimu mmoja alinicheka, eti nimegeuza hesabu kuwa somo la lugha. Siku hizi analeta na wa darasa lake.

Atupele amefaulu. Si kwa alama za kutisha, lakini yuko Kidato cha Tatu. Wengine wamefeli, tena wengi, sitakudanganya. Wasichana wawili wameacha shule, nasikia wanauza kwenye maduka ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nimewatafuta mara moja, sikuwapata.

Juzi nilijaribu kuchora duara ubaoni kwa mkono mtupu, kama ulivyokuwa ukifanya halafu unajisifu. Likatoka kama kiazi. Watoto wakacheka, nami nikacheka, halafu... nikashindwa kuendelea, nikawapa mgongo. Walinisubiri mpaka nikageuka.

Pumzika, dada yangu. Jumamosi navuka tena kwenda Nakonde kuwatafuta wale wawili. Nisipowapata, Jumamosi inayofuata nitavuka tena.

Mdogo wako,
Rehema