Kaseti Ambazo Baba Hajafungua

Edmonton, London
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Hujambo, na Mama hajambo? Na sikio je? Naliulizia peke yake kwa sababu Kariuki alinieleza yote kwenye simu, hata yale uliyomkataza. Usimgombeze ndugu yangu. Mimi mwilini ni mzima, kazi ipo na baridi ipo, ila moyoni sina raha, na sababu ni wewe na kaseti zako.

Nilimuuliza huku nacheka, "Mzee amesemaje kuhusu kaseti mpya?"

Akajibu, "Hajafungua. Hata ya last year. Zote ulizotuma ziko kwa kabati na plastiki yake."

"Kwa nini?"

"Si unajua sheria ya Mzee? Lazima watu wote wawe wamekaa. Tunangoja wewe. Na sikio la left halisikii kitu, daktari amesema hata hilo lingine linaenda."

Nilikuwa kazini, Baba. Niliketi kwenye ngazi za nyumba ya watu nikalia. Nilidhani nakutumia furaha, kumbe nakutumia kungoja.

Sheria naikumbuka vizuri. Kaseti ya yule mwimbaji wetu wa country, yule wa kofia, ikifika kutoka Nakuru, hakuna kuigusa hadi Jumapili. Mama anamimina chai, wewe unakata plastiki kwa wembe, na atakayefungua mdomo kabla ya upande wa kwanza kuisha anaenda kukaa nje na ng'ombe. Halafu sote tunakutazama, nawe unasema neno lile lile la kila mwaka: "Hajaharibu." Hapo ndipo tunaruhusiwa kuipenda.

Na kweli hajawahi kuharibu. Mzungu ninayemtunza hapa, mzee wa rika lako, hunicheka sana. Juzi nilikuwa namnyoa ndevu huku kaseti inalia, akauliza, "Si huu ndio wimbo wa jana?" Nikamwambia huo ni wa album nyingine kabisa. Akasema, "Huyu jamaa ana wimbo mmoja tu." Nilitaka kukasirika kwa niaba yako, nikajikuta nacheka, maana ndicho tunachompendea. Kila mwaka kuna wimbo wa mama yake, kuna wa lori, na kuna wa mke aliyeondoka na mbwa. Mtu anajua atakachopata.

Mimi je? Kila mwaka yeye anatoa kaseti, nami natoa ahadi ya Krismasi, na ni yeye tu anayetimiza. Naona aibu kuandika hivi. Karatasi zangu bado ziko kwa watu wa uhamiaji, na nikitoka sasa sitaruhusiwa kurudi. Krismasi hii siji, Baba. Nakwambia wazi ili usiniwekee kiti tena, wala usiendelee kuzifungia nyimbo kabatini wakati sikio lako linakwenda zake.

Ila sheria tusiivunje. Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii, mkishakula, kaeni wote. Kariuki ani-flash, nami nitapiga. Kadi ya simu nimeshanunua. Simu yake iwekeni kwenye kiti changu, karibu na redio, na wewe ukae upande wa sikio lililobaki. Anza na kaseti ya zamani kuliko zote. Nikikatika msizime, kadi za huku huisha katikati ya neno. Sitasema kitu, nisije nikapelekwa kwa ng'ombe.

Nisalimie Mama, mwambie siku hiyo asipunguze majani ya chai kwa sababu eti mimi sipo. Nisalimie Shangazi wa ng'ambo ya mto na mke wa Kariuki, ambaye bado sijamwona uso. Naye mwalimu wangu wa kwaya mwambie huku naimba sauti ya pili, kama alivyonitabiria kwa hasira.

Upande wa kwanza ukiisha, Baba, sogea karibu na simu useme. Kaseti hizo zote nimezisikiliza huku kwa nakala zangu, bila ninyi, kazini na ndani ya basi, na mpaka leo sijui kama ni nzuri. Hakuna aliyeniambia.

Ni mimi binti yako,
Wangari