Mama, Majibu ya Kitindamimba Wako Yametoka

Mwaka umepinduka, Mama, tangu tukusindikize, na nyumba hii bado haijatulia. Baba anakaa, mara anainuka. Sisi tunafungua friji, tunasahau tulichofuata.

Ulikuwa mtu wa maabara, na wenzako walikuita Bibi Rudia. Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, ulipima kwanza ile damu ya majaribio ambayo majibu yake yanajulikana. Mashine ikikosea hapo, hakuna aliyepimwa mpaka itengemae. Watu wakinuna, ulisema, "Waacheni wanune. Kununa hakuui." Nyumbani nako ulirudi kuutikisa mlango tukiwa tumeshafika barabarani. Tulikutania, ukacheka kutushinda.

Sasa sikiliza. Baada ya msiba, nywele za kitindamimba wako zilianza kukatika. Hakumwambia mtu. Akanunua vidonge vya nywele, akawa anavitafuna kama njugu. Uchovu ulipozidi akaenda kupimwa homoni za tezi ya shingo. Majibu yakaonyesha ziko juu mno, akaandikiwa dawa ya kuzishusha. Hapakukalika humu ndani.

Mama Mdogo ndiye aliyemkazia macho. "Dada angekuuliza kwanza unakunywa nini."

"Si kitu, Mama Mdogo. Vidonge vya nywele tu."

"Vya nywele? Mbona hivyo ndivyo alivyokuwa akivipigia kelele kila siku, kwamba vinaidanganya mashine! Daktari anajua?"

"Niliona aibu kumwambia."

Chai tuliiacha mezani. Daktari alishukuru kuambiwa, akasema dawa isianzwe, vidonge viachwe, na damu ipimwe upya baada ya siku kadhaa. Siku zenyewe, Mama! Roho zilikuwa juujuu. Baba alipiga pasi hata mapazia.

Juzi daktari alimpigia kitindamimba wako: homoni ziko sawa, hana ugonjwa wa tezi. Alipomaliza kuongea naye, kabla hajatuambia neno, binti yako akabonyeza namba yako. Simu ikalia kabatini, maana Baba bado anaichaji. Sote tulisimama tukiisikiliza mpaka ikanyamaza. Ndipo akakaa sakafuni, akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mdogo wako, wajukuu, na wenzako wa maabara.

Kukusahau hatuwezi, Mama, wala hatujaribu.