Picha Zinazoishia Magotini

Kwako Dada Mkubwa,

Natumai karatasi hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua na shemeji amepunguza kununa. Wapwa zangu nisalimie mmoja mmoja, na yule kitinda mimba mwambie mjomba wake bado ana sauti ya kuzima redio. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma, ila nakuomba uyasome umekaa.

Barua yako niliipata. Umesema mwisho wa mwezi unakuja kumwona wifi yako na mtoto, maana umechoka kuwa shangazi wa kwenye picha. Umeniuliza namba ya kiatu chake, kwa kuwa huwezi kwenda kwa mtoto wa mdogo wako mikono mitupu, na miaka sita nakutumia picha hujawahi kumwona miguu. Eti shemeji kauliza kama huyo mtoto anaishia magotini, mkacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mimi sikucheka, Dada. Barua hiyo nimekaa nayo siku tisa, naikunja na kuikunjua.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu kila kitu kimetokea humo. Shule niliionea dirishani, wewe ni shahidi, lakini kompyuta inanitii kuliko ng'ombe wa babu alivyomtii babu. Wasomi wenye miwani wanakuja hapa wananiita mwalimu. Kazi yenyewe ni kuwakutanisha kwenye picha moja watu ambao siku hiyo hawakukutana. Niliwahi kuwapanga wahitimu sitini na wawili, kila mmoja kapigwa kivyake, na aliyefumba macho nikamfumbua. Bwana mmoja mwenye upara nilimpa nywele, zikamkaa hivi kwamba aliporudi nyumbani mkewe alimfungia mlango, akasema anamsubiri yule wa kwenye picha. Kama nadanganya, nife nikiwa nimesimama.

Siri ni mwanga. Aliyepigwa na jua la kushoto humweki kando ya aliyepigwa na taa ya kulia, hata mtoto mchanga atanusa uongo. Unalinganisha rangi za ngozi, unalainisha kingo za nywele, kila mtu unampa kivuli chake. Kigumu kuliko vyote ni miguu. Kivuli cha chini ya soli kikikosea kidogo tu, mtu anaelea kama puto. Ndiyo maana fundi mwenye haraka, au mwenye lake jambo, hukatia magotini.

Chumba changu kina mlango mmoja, na mlango huo unatazamana na duka la vitambaa. Ukuta wa kushoto nachangia na kinyozi, mtu wa maneno mengi, ambaye mpaka juzi ndiye pekee duniani aliyejua ninalotaka kukuambia. Mwenye duka la vitambaa ni mama mmoja mpole, mumewe ni fundi mitambo nchi za mbali. Kila shule zikifungwa alikuja na mwanawe wa pekee kupiga picha, ameshika picha ndogo ya mumewe nimbandike kando yao. Yule mtoto, Dada! Nilimpiga tangu ana miaka mitatu. Sikio la kulia limechomoza kuliko la kushoto, na jino la mbele lilivunjika akiwa na sita. Alikuwa akiniuliza kama naweza kumweka juu ya simba. Nikamweka. Akaniuliza kama naweza kumtoa simba meno, asije akamng'ata.

Mwezi uliopita homa ilimshika siku tatu. Ya nne akazikwa.

Nilikwenda msibani nikakaa nyuma kabisa. Nililia, nikashindwa kujizuia, hadi wazee wakaanza kuulizana huyu mpiga picha ni nani wa marehemu, mbona anawashinda wajomba. Kinyozi akanifinya paja, akaninong'oneza nijitulize, mtu hafiwi kwa siri. Nikatoka. Tangu siku hiyo kila nikifungua mlango wangu namwona yule mama amekaa katikati ya majora yake, na njia nyingine ya kutokea sina.

Juzi akavuka barabara. Akasema anataka picha moja kubwa, yeye, mumewe na mtoto, na mtoto asimame, aonekane mwili mzima. Alikuwa na mfuko wenye viatu vyeusi, alivyomnunulia kwa ajili ya kufungua shule. Havijavaliwa. Akaviweka juu ya meza yangu, akaniomba nimvalishe. Sura akataka ile ya mwaka juzi, anayocheka. Nakala yake iliharibika kwa maji ya mvua.

Hapo ndipo nilipobanwa. Maana picha za asili nilikuwa nimezifuta zamani, kompyuta ilipojaa. Zilizobaki ni nakala zangu. Nikamwambia arudi kesho, akasema atangoja. Nikamwambia mashine inaumwa, akasema mbona inawaka. Akavuta kiti akakaa nyuma yangu. Nikafungua.

Dada, sasa ndiyo nakwambia. Kila mwaka, nikishamaliza kumbandika mumewe, nilimtoa, nikajiweka mimi. Tabaka zote za picha, yaani kila mtu na karatasi yake, nikaziunganisha kuwa moja, haitenguki, nikakutumia wewe. Ulikuwa umeniandikia kwamba mwanamume wa miaka arobaini bila mke ni nyumba bila paa, nami nikakujibu kwa majivuno kwamba paa ninalo. Ukataka kuliona. Nilidhani ni picha moja. Lakini mtoto wa kwenye picha naye lazima akue, na mwaka uliofuata ukauliza amefika wapi kwa urefu. Kinyozi alikuwa akinitania kila yule mama akipita: eti shemeji leo kanuna, umemfanya nini? Nilicheka naye. Dada, sina mke wala mtoto. Sijawahi kuwa nao.

Akaziona zote sita. Mimi mkono begani kwa mwanawe, mimi nimesimama pale alipotakiwa kuwa mumewe. Nilingoja anipige na kile kiatu. Alisogeza uso karibu na kioo, halafu akagusa ile ya mwaka juzi kwa kidole. Akasema, ndiyo hii. Jitoe wewe, mwache yeye.

Miaka yote nimejisifia kuweka watu. Kujitoa hakuna aliyenifundisha. Mkono wangu ulikuwa umeziba bega lake, ilibidi nilishone upya bega hilo, uzi kwa uzi wa shati. Kisha nikatengeneza miguu. Siku nzima nimefanya kivuli cha soli mbili, na safari hii anakanyaga, Dada. Ungemwona. Mama yake alipoichukua hakunishukuru wala hakunitukana. Aliniuliza tu, kwenu wanajua mtoto amekufa?

Ningeweza kukuandikia kwamba mwanangu amefariki, nawe ungekuja na kilio chako chote, nikakipokea kama baba. Nakiri nilianza barua hiyo. Nikaichana, kwa kuwa kilio hicho kina mwenyewe.

Njoo tu mwisho wa mwezi, kama bado unanihesabu nduguyo. Kuna kitanda kimoja, mimi nitalala sakafuni. Nitakuvusha barabara ukampe pole yule mama. Picha ulizonazo usizichane, zilete. Zile tano nyingine nataka kujitoa, nimrudishie mwanawe.

Nisalimie shemeji, mwambie swali lake lilikuwa la haki. Wapwa zangu waambie wewe mwenyewe, mimi sitaweza.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Mzee wa Kubandika.

Namba ya kiatu uliyoniuliza niliisoma chini ya soli. Ni thelathini na mbili. Usinunue.