Maji Chini ya Kitanda cha Mama

Ghorofani, juu ya duka la dawa,
S.L.P. 418.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, hajambo wifi, na watoto wanaendeleaje na shule? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku tu wazima, na Mama ni mzima. Narudia: Mama ni mzima, hana hata mchubuko. Sasa tafuta kiti ukae ndipo uendelee kusoma.

Chumba cha Mama hakipo tena. Juzi, saa nne asubuhi, sakafu ilititia ikaenda chini pamoja na kitanda, kabati na cherehani. Jirani yake, yule muuza mkaa, alinifuata shuleni mbio, nami nikatoka darasani na chaki mkononi. Nilisimama mlangoni nikashika kichwa. Pale alipokuwa akilala pana shimo ambalo ngazi ya shemeji yako haikugusa chini yake, na huko chini maji yalikuwa yakipita kwa kasi, yakinguruma.

Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba amehamishia godoro jikoni, na kwamba nahofia akili yake imeanza kwenda? Majuma matatu alilala huko. Cherehani nayo aliniomba mara mbili nimsaidie kuitoa chumbani, nikamwambia tutaona Jumapili. Tangu hapo hakuigusa tena; angekuwa bado anashona, saa nne ndiyo saa yake ya kukaa pale.

Kisha kuna kile chuma cha Baba. Kile kirefu chenye kikombe cha mbao kichwani, alichokuwa akizunguka nacho mitaani enzi za kazi yake ya mabomba, anakisimamisha chini, anaweka sikio, anajua bomba linavuja wapi. Siku moja nilimkuta Mama amepiga magoti kando ya kitanda, sikio kwenye kikombe, macho ameyafumba. Aliniambia anasikia maji. Nilimwitikia tu kama ninavyowaitikia watoto wa darasa la kwanza, na moyoni nikajua anaongea na marehemu.

Nawe ukanijibu ukurasa mzima. Huzuni imemzidi, nimnyang'anye chuma, na ukija Aprili tumpeleke kwenye makazi ya wazee. Sikulaumu peke yako, maana nilikitwaa siku hiyohiyo nikakificha juu ya kabati langu, na nikajiona binti mwenye busara. Haikutupitia akilini, wewe na mimi tuliosoma, kwamba mke aliyeishi na fundi yule miaka arobaini huenda alifundishwa kusikiliza.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka mzima mabomba ya mtaa ule yanatoa hewa tupu. Watu wanapanga foleni na ndoo kwenye bomba la shuleni kwetu, wanaoga kwa makopo mawili na kushukuru. Kumbe maji ya mtaa mzima yalikuwa yanapita chini ya Mama, yakila udongo kidogo kidogo. Mhandisi aliyekuja kufunga bomba kuu alisema limepasuka siku nyingi, hatua chache tu nyuma ya nyumba. Sikujua kama maji, haya haya tunayoyachota kwa kikombe, yana nguvu ya kumeza chumba kizima.

Kaka, Mama alikwenda ofisi ya maji mara mbili kuwaeleza. Mara ya pili wakanipigia simu mimi. Nikawaomba radhi kwa usumbufu wa mama yangu. Nilitamka maneno hayo kwa mdomo wangu, na nadhani nitakufa nayo.

Sasa yuko hapa kwangu. Jana nilikishusha kile chuma nikampa kwa mikono miwili. Nilimwomba msamaha, wangu na wako, nikamwambia tulidhani anaongea na Baba. Alikifuta vumbi taratibu kwa upindo wa nguo yake, wala hakuniangalia.

"Baba yenu nilishamzika," alisema. "Nilikuwa naongea na nyinyi."

Kisha akauliza kama chai imebaki.

Niliingia jikoni nikalia huku nimefungulia redio. Barua yako ya makazi ya wazee ninayo, sijamsomea, na sitaki kuisikia tena. Ukitaka kujua habari za Mama kuanzia leo, usiniulize mimi. Mwandikie yeye, umuulize anasikia nini.

Nisalimie wifi, na umwambie ule mfuko wa nguo ulifika. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hajasahau ahadi. Shemeji yako anakusalimu. Bado anaipima ile ngazi kana kwamba itarefuka. Mungu awalinde nyote, na nyumba yenu isimame imara.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata leo nilivyokukasirikia,

Kitindamimba.

Mama naye anakusalimu. Anauliza chini ya sakafu yenu kuna nini.